Ukurasa wa Nyumbani: Shule Zikifungwa, Nyumba Isigeuzwe Uwanja wa Gwaride

Barua zinazofika katika ukurasa huu aghalabu zahusu mapishi, malezi ya watoto wachanga, au mume ambaye mshahara wake haufiki nyumbani. Juma hili twajibu barua ya namna nyingine. Imetoka kwa mama mmoja, mke wa askari, akaaye na watoto watano karibu na kambi ya Bondo, wilaya ya Arua. Mumewe yuko kazini mbali. Mama huyu haulizi habari za chakula wala za ada. Auliza hivi: ikiwa shule zitafungwa tena kama zilivyofungwa miaka ile ya korona, afanye nini ili watoto wake wasome nyumbani bila yeye mwenyewe kuchoka mpaka kulia, na bila nyumba kujaa kelele na fimbo kama ilivyokuwa wakati ule?

Wako watakaosema kwamba mambo hayo yamekwisha pita, na kwamba mama huyu anajitafutia mashaka. Mimi sioni hivyo. Tarehe 25 Novemba 2022 shule za nchi nzima zilifungwa majuma mawili kabla ya muhula kwisha, kwa ajili ya Ebola iliyotangazwa Mubende Septemba ya mwaka huo. Na hata pasipo maradhi, ipo likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, upo uhamisho wa askari unaokata muhula katikati, yupo mtoto anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Kwetu sisi wa Arua na Koboko, tunaopakana na Kongo na Sudan Kusini, zipo pia siku ambazo milio ya risasi ng'ambo ya mpaka huwafanya wazazi wasiwaache watoto watoke. Mzazi wa pembe hii ya nchi hana budi kujua la kufanya na mtoto ambaye kengele ya shule haimwiti.

Tukumbushane kwanza. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba shule zote zifungwe kuanzia tarehe 20. Siku hiyo hakuwa bado amegunduliwa mgonjwa hata mmoja katika Uganda. Wa kwanza alithibitishwa tarehe 21. Wazazi walidhani ni mambo ya mwezi mmoja. Wanafunzi wa madarasa ya mitihani walirudi tarehe 15 Oktoba, madarasa mengine yakaanza kurudi kwa zamu mwaka 2021, kisha mwezi Juni wimbi la pili la maradhi likafunga milango upya. Milango ilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 2020 alikaa karibu miaka miwili mizima bila kuketi mbele ya mwalimu. Tanzania ilikuwa imerudisha wanafunzi wake wote tarehe 29 Juni 2020, na Kenya tarehe 4 Januari 2021. Hakuna nchi duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kama sisi, na watoto walioguswa walikaribia milioni 15.

Sisi wa mpakani tulibanwa zaidi. Juni 2020, magari ya abiria yaliporuhusiwa tena katika wilaya nyingine, wilaya za mpakani ziliambiwa zisubiri. Akina mama waliozoea kuvuka kwenda soko la Ariwara, au kupeleka bidhaa Oraba, walikaa na mali yao ikiwaozea. Jioni amri ya kutotoka nje ilianza saa moja, na waliosimama barabarani kuisimamia walikuwa ni hao hao baba wa watoto wetu: askari jeshi, polisi, na walinzi wa LDU. Baba alirudi usiku amechoka, akiogopa kumgusa mwanawe asije akamwambukiza. Katika nyumba ya namna hiyo ndipo watoto walipoambiwa wasome.

Serikali ilijitahidi. Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala kilitayarisha masomo ya kujisomea. Yakachapishwa katika magazeti na kugawiwa kupitia viongozi wa vijiji, na redio nazo zikatangaza vipindi vya masomo. Lakini karatasi zile zilikuwa kwa Kiingereza, tena cha darasani. Mama ambaye lugha zake ni Kilugbara na Kiswahili cha kambini alizigeuza huku na huku, akazikunja, akazitia juu ya kabati. Na redio, katika nyumba nyingi, ilikuwa moja tu, na mwenye redio alitaka taarifa ya habari.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mimi nilisomea ualimu na kupata cheti kabla ya kuwekwa katika kazi ya ofisi, na nilizipita nyumba nyingi za Arua na Koboko katika miaka ile. Katika nyumba za askari niliona jambo moja likirudiwa, nalo ni imani kwamba shule ikifungwa, nyumba lazima iwe shule. Baba aliyepata siku chache za mapumziko aliwapanga watoto mstari alfajiri, akawakagua kucha na mashati, akawasomea imla mpaka saa sita, na aliyekosea akachapwa. Mambo hayo hayakufika majuma matatu. Baba aliitwa kazini, mama akaachiwa gwaride ambalo si yeye aliyeliamuru, na mtoto akawa anajificha nyuma ya choo kila alipoona daftari.

Ndugu askari, kuruta hufunzwa na kundi zima la wakufunzi ambao hawana kazi nyingine, na kuruta mwenyewe ni mtu mzima aliyejiandikisha kwa hiari yake. Shule nayo ina walimu wanaopokezana, ina watoto wenzake wa kucheka nao, na ina saa ya kwenda nyumbani. Nyumba haina hata kimoja katika hivyo, tena ina chungu motoni na mtoto mchanga mgongoni. Wale wanaokaa katika nyumba za bati za mviringo, zile ambazo kambini huitwa mama ingia pole, wanajua nisemalo. Saa saba mchana bati linawaka, watu saba wako ndani, na mtoto anaambiwa atulie agawanye sehemu kumi na mbili kwa tatu. Hata Profesa wa Makerere hangetulia.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mama aliyetuandikia ni kwamba asijaribu kuwa shule. Achukue saa moja tu kwa siku, siku tano kwa juma, nayo ailinde kama vile mumewe alindavyo lindo. Wakati mwema ni asubuhi, maji yakisha kuchotwa na uji ukisha kunywewa, kabla ya jua kupanda: saa tatu hivi. Mahali pema ni nje, chini ya mwembe, juu ya mkeka, mbali kidogo na njia. Watoto wa darasa la kwanza na la pili wasikae saa nzima. Wapewe vipande viwili vya dakika kumi na tano, kati yake wakimbie. Aliye darasa la sita au la saba aweza kuendelea peke yake, na yafaa apewe kazi ya kumsomesha mdogo wake, kwa kuwa amfundishaye mwingine hujifunza mwenyewe mara ya pili. Saa ikiisha, iishe. Mtoto aliyeambiwa "bado kidogo" kila siku hataketi kesho.

Wengine watauliza, saa moja itafaa nini? Itafaa sana, ikiwa ni ya kila siku. Mtoto wa miaka saba anayesoma ukurasa mmoja kwa sauti kila siku, mbele ya mtu anayemsikiliza, hasahau kusoma. Nasema mtu anayemsikiliza, sisemi mtu ajuaye kusoma. Mama asiyejua kusoma aweza kumwambia mwanawe: soma, kisha nieleze kwa lugha yetu ulichosoma. Mtoto akishindwa kueleza, mama atatambua kwamba hakuelewa. Huo ndio mtihani tuliofundishwa chuoni kuwapa watoto, ila chuoni ulikuwa na jina refu.

Na asiogope lugha. Tangu mwaka 2007 mtaala wetu wa madarasa matatu ya kwanza umetaka mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali pake; yaani Kilugbara hapa Arua, Kikakwa kule Koboko. Mtoto huanza kufahamu herufi kwa lugha anayoiota usiku, kisha huzihamishia kwingine. Kambini, ambako Mlugbara amepakana na Mwacholi, na Mwacholi na Munyankole, lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili, nacho Baraza la Mawaziri lilikubali Julai 2022 kiwe lugha rasmi na kufundishwa katika shule zetu. Mama anayesimulia hadithi za sungura kwa Kiswahili safi jioni amefanya somo, hata kama chaki haikuguswa.

Hesabu nazo zimejaa nyumbani. Karanga zinazosubiri kumenywa zihesabiwe kwa makumi. Ikiwa kikombe kimoja huuzwa shilingi 1,000, na mteja kaleta noti ya 5,000 akichukua vikombe vitatu, mtoto atoe chenji yeye mwenyewe, mama akitazama tu. Nilimwona bibi mmoja Mnubi, pale Oli, Arua, akisuka kikapu na mjukuu wake ameketi karibu. Kila mzunguko wa rangi ulikuwa na idadi yake ya mishono, na bibi alimtaka kijana aseme mizunguko minne itakula mishono mingapi. Kijana yule hakujua kwamba anafundishwa kuzidisha. Alidhani anamsaidia bibi.

Wazee wetu wasingeshangaa. Baada ya Oktoba 1980, vita vilipoingia Koboko na Arua, watu wa West Nile walivuka mpaka kwa maelfu kwenda Zaire na Sudan, na wengi walikaa huko miaka mingi. Watoto walisomeshwa chini ya miti, vidole vikiandika mchangani. Wako hivi leo watumishi wa serikali wenye mvi ambao herufi zao za kwanza ziliandikwa katika udongo wa nchi ya watu. Waulizeni. Watawaambia habari za mtu mmoja aliyekuwa akija kila siku wakati ule ule. Habari za vitabu hawatawapa, maana havikuwapo.

Hayo ya masomo yatosha. Lililo gumu zaidi ni la mama mwenyewe, kwa kuwa mama akichoka, saa ile moja ndiyo hufa kwanza.

Mke wa askari ana mzigo ambao jirani yake mkulima hana. Yeye husikiliza simu. Mwezi Mei 2023, tarehe 26, kituo cha jeshi letu huko Buulo Mareer, Somalia, kilishambuliwa, na tarehe 3 Juni Rais alitangaza kwamba askari 54 wa Uganda walipoteza maisha. Hesabu vizuri siku zilizopita kati ya tarehe hizo mbili. Katika kila kambi ya nchi hii walikuwapo akina mama waliokuwa wakitazama simu usiku kucha, wakipokea uvumi na picha kutoka kwa watu wasiojua lolote, huku watoto wakitazama uso wa mama. Mtoto hahitaji kuambiwa. Akiona mama hali, naye hali. Akiona mama ashtuka kila simu iliapo, naye hashiki kalamu.

Kwa siku za namna hiyo nina mashauri machache tu. Mama apange na mwenzake mmoja anayemwamini kwamba taarifa watazitafuta mara moja asubuhi na mara moja jioni, kutoka kwa wakubwa wa kambi au katika redio, na kwamba picha za vita zinazotumwa simuni hawatazifungua mbele ya watoto. Mtoto akiuliza, ajibiwe kweli, kwa maneno machache: "Baba yuko kazini. Hatujapata habari. Nikipata, nitakuambia wewe kabla ya wengine." Asidanganywe kwamba baba atarudi kesho, wala asitwishwe hofu yote ya mtu mzima. Saa ya masomo isifutwe siku hizo. Ifupishwe, wachore, wahesabu, lakini isifutwe, kwa maana mtoto aliyeona jambo la jana likifanyika tena leo huamini kwamba nyumba haijaanguka.

Mama naye apate nusu saa yake. Najua akina mama wengi watacheka wakisoma maneno haya. Lakini watoto watano hawakosi mmoja wa kushika mwiko na mmoja wa kubeba mdogo. Na mvulana wa miaka kumi na miwili aweza kuchota maji na kuosha vyombo. Mikono yake haitadondoka. Akina mama wanne wanaokaa karibu waweza kupokezana, leo watoto wote wawe kwa huyu, kesho kwa yule. Wakati wa maradhi ya kuambukiza mpango huo usifanywe, na amri za waganga zifuatwe. Lakini katika likizo, au wakati wa ada, hakuna kinachouzuia. Mama aliyepata asubuhi mbili kwa juma za kwenda sokoni bila watoto hurudi na uso mwingine.

Akina baba walio mbali wasidhani kwamba hili haliwahusu. Jeshi letu limekuwa na askari Somalia tangu mwaka 2007, na tangu Novemba 2021 lilivuka kuingia mashariki ya Kongo. Kwa hiyo wako watoto wa kambini waliokua wakimjua baba kwa sauti tu. Baba apigapo simu, aghalabu huuliza: mmekula? mnamtii mama? Kisha fedha za simu zinakwisha. Naomba aongeze neno moja: nisomee mstari. Mtoto asome mstari mmoja wa kitabu au wa gazeti hili, baba aseme vizuri, basi. Mtoto atautafuta mstari huo tangu asubuhi. Naye mtoto aandike barua kila juma, hata kama haina pa kupostiwa. Ziwekwe katika bahasha moja, baba azikute siku ya kurudi.

Na siku ya kurudi, Afande, usifanye ukaguzi. Umetoka mahali ambapo mlango ukigonga ghafla mtu hushika silaha, na sasa umeingia nyumba yenye watoto waliojizoesha utaratibu wao bila wewe. Kaa siku tatu au nne ukitazama. Uketi kwenye mkeka saa tatu, usikilize, usisahihishe. Ukiona kwamba hasira inakupanda kwa jambo dogo, kwamba hulali, au kwamba waragi ndiyo pekee inayokutuliza, nenda kwa mganga wa jeshi au hospitali ya rufaa ya Arua ukaseme. Si aibu. Watu wengi waliokwenda mbele hupatwa na hayo, na yana tiba. Watoto wako hawana namna ya kujikinga na hasira ya mtu waliyekuwa wakimngoja mwaka mzima.

Mtoto naye huonyesha mashaka yake kwa njia yake. Wa miaka minane aliyekwisha acha kukojoa kitandani huanza tena. Mwingine hulalamika tumbo kila asubuhi. Mwingine, aliyekuwa mpole, hupiga wadogo. Mwingine hukaa kimya na kukitazama kitabu bila kugeuza ukurasa. Mara ya kwanza tazama kama ni homa, maana malaria ingali kwetu. Kama si homa, usichukue fimbo. Sheria yetu ya watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni. Sioni kwa nini nyumba iliyochukua kazi ya shule ichukue pia kile ambacho shule yenyewe imekatazwa. Mlaze mapema, mwache acheze kutwa nzima, mpe kazi ndogo ambayo hawezi kuikosea, kama kulisha kuku. Baada ya juma moja jaribu kitabu tena. Hali ikizidi, mpeleke kituo cha afya.

Ndugu wasomaji, kuna jambo moja ambalo mama huyu hakuliuliza, nami sitaki kumaliza bila kulitaja. Katika miaka miwili ile tulipoteza wanafunzi wengi kwa sababu ambayo haikuwa ujinga wa herufi. Wavulana walikwenda kufyatua matofali, kupakia mizigo sokoni, kuendesha boda boda. Walipoonja shilingi ya kwanza hawakutaka tena dawati. Wasichana wengi walipewa mimba, na wengine wakaozwa. Januari 2022 kengele ilipolia, wengi hawakuitika.

Tulikuwa tumeonywa. Sierra Leone ilifunga shule zake mwaka 2014 kwa ajili ya Ebola, ikasomesha watoto kwa redio, na shule zilipofunguliwa Aprili 2015 wasichana wengi walikuwa waja wazito. Serikali ya huko iliwazuia wasiingie darasani, ikaja kuiondoa amri hiyo mwezi Machi 2020, mwezi ule ule sisi tulipofunga. Kwetu Wizara ya Elimu na Michezo ilitoa maagizo kwamba msichana mwenye mimba au anayenyonyesha apokelewe shuleni. Kwa hiyo mzazi mwenye binti wa namna hiyo asimfiche nyuma ya nyumba. Ampeleke kwa mwalimu mkuu, na akikataliwa aende ofisi ya elimu ya wilaya, Arua au Koboko.

Lakini afadhali tuanze mapema zaidi. Shule inapofungwa, msichana ndiye wa kwanza kupewa ndoo, kuni, mtoto wa shangazi na chungu cha jioni, na ndiye wa kwanza kutumwa dukani giza likiingia. Dukani yuko mtu mzima mwenye soda na fedha ya simu. Nasema wazi, kwa kuwa ukurasa huu unasomwa na askari na polisi: wengine katika watu hao wazima walivaa sare. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hana idhini ya kumpa mwanamume, na mazungumzo ya mbuzi wangapi yatalipwa kwa baba yake hayafuti kosa hilo. Kila kituo kikubwa cha polisi kina kitengo cha ulinzi wa watoto na familia. Iko pia simu ya watoto, namba 116, isiyotozwa malipo. Namba hiyo iandikwe kwa mkaa ukutani, karibu na mlango, mahali ambapo kila mtoto wa nyumba ataisoma, na iwe sehemu ya somo la kusoma la juma la kwanza.

Kazi za nyumba zigawanywe upya, basi, ili msichana apate saa yake ya mkeka sawasawa na kaka yake. Safari za jioni wapewe wakubwa. Na mama ajue kila siku mwanawe amekaa kwa nani, hata kwa mjomba.

Kwa mama wa Bondo: daftari moja, penseli mbili, mkeka, saa tatu asubuhi. Anza sasa katika likizo, kabla ya shida yoyote kuja, ili watoto wauzoee utaratibu huo wangali na furaha. Ukipenda, wale wawili wakubwa wakuandikie barua ya kutuletea, ukurasa mmoja kila mmoja, wakieleza jinsi asubuhi ilivyokwenda. Tutazichapisha kama zilivyo, pamoja na makosa yake, na gazeti tutamtumia baba yao huko aliko. Watoto wengine wa Arua na Koboko, na wa kambi nyinginezo, nao wanakaribishwa kuandika. Waandike kwa wino au kwa penseli, upande mmoja wa karatasi, na wataje darasa lao.